Baada ya Joho la Kwanza: Habari za Waliopanda Hadi Ualimu wa Chuo Kikuu Katika Ukanda wa Ziwa



Kila mwaka, hesabu ya fedha za elimu inaposomwa mbele ya Mkutano Mkuu, hutokea mzee mmoja akasimama na kuuliza swali lile lile. Husema: "Kijana huyu tulimchangia karo ya sekondari. Tukamchangia nauli ya kwenda Chuo Kikuu. Siku aliyovaa joho tulichinja, tukala, tukacheza. Leo arudi kuomba tena. Je, masomo yake hayana mwisho?"

Swali hili si la ubahili. Ni swali la mtu aliyetoa akiba yake, naye anastahili jibu. Kamati imeona kwamba jibu lililo bora ni habari za wale waliopita njia hiyo kutoka nchi yetu hii ya pwani ya ziwa, walivyofika, na mahali ambapo wengine walikwama. Wanachama wakizisoma habari hizi, waamue wenyewe.

MAANA YA MANENO

Yafaa tuanze kwa kuyaeleza maneno. Mtu akimaliza Chuo Kikuu mara ya kwanza hupata shahada ya kwanza, ambayo wengi huiita digrii. Shahada hiyo yamtosha kuwa mwalimu wa sekondari, afisa wa Serikali au mtumishi wa benki. Haimtoshi kuwafundisha wale wanaotafuta digrii. Kwa kazi hiyo hana budi kupata shahada ya pili, yaani uzamili, ambayo kwa desturi ni ya miaka miwili. Kisha ya tatu, yaani uzamivu, impayo mtu jina la Daktari, nayo huchukua miaka mitatu na aghalabu zaidi. Katika miaka hiyo yote yeye ni mtu mzima. Wenzake aliomaliza nao wamekwisha ajiriwa, wameoa na kujenga, naye bado ameshika daftari.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Katika safari ya elimu, pabovu petu ni hapo, kati ya joho la kwanza na kiti cha ualimu. Aliye chini yake husaidiwa na jamaa zake wote, na aliyekwisha fika juu hujitegemea kwa mshahara. Wa katikati hana mtu, kwa kuwa kijijini wanamwona amemaliza, na chuoni wanamwona hajaanza.

MWANZO WA NGAZI

Reli ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Miaka mitano baadaye, mwaka 1906, J. J. Willis wa misheni ya C.M.S. alianzisha shule ya Maseno. Vijana wa kwanza walitafuta kusoma na kuandika, wapate ukarani, ualimu wa vijijini au kazi ya kanisa. Hakuna aliyewaambia kwamba juu ya ngazi hiyo kulikuwa na vidato vingine.

Walakini wazee wetu waliona mbali. Mwezi wa Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha katika nchi ya Gem, wakaunda chama cha vijana wa Kavirondo, ambacho wananchi walikiita Piny Owacho, yaani "nchi imesema". Jonathan Okwiri alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Walilalamikia kodi, kipande na hofu ya kunyang'anywa ardhi. Na pamoja na hayo wakadai shule za Serikali. Mwaka 1923 chama hicho kiligeuzwa kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi wa Kavirondo, Shemasi Mkuu Owen akiwa pamoja nao. Wanachama wa chama kile waliahidi kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Basi yatupasa kukumbuka, sisi tulio warithi wa vyama vya namna hiyo, kwamba tangu mwanzo ustawi na elimu vilitembea pamoja.

Kidato cha juu kilikuwa ng'ambo ya ziwa. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na kabla ya reli kufika Kampala mwaka 1931, msafiri wa kutoka kwetu alipanda meli Kisumu akashuka Port Bell. Mwaka 1949 Makerere ilipata hadhi ya Chuo Kikuu Kishiriki, ikihusiana na Chuo Kikuu cha London, na vijana wetu wakaanza kusomea digrii bila kuvuka bahari.

Walakini wengi wa waliosimama mbele ya darasa la Makerere walikuwa Wazungu. Mwafrika aliyetaka kusimama hapo alipaswa kwenda Uingereza. David Wasawo, mwana wa Gem, alisomea elimu ya wanyama huko Oxford, akarudi kufundisha Makerere, na baadaye akawa Naibu Mkuu wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi. Alichunguza hata nyungunyungu wa vinamasi vya Teso, na matokeo yake yakapigwa chapa mwaka 1959. Mzee anaweza kucheka kwamba mtu atoke Oxford kuja kuchimba nyungunyungu. Lakini elimu ya udongo yaanzia hapo. Simeon Ominde, mwanajiografia, naye alifundisha Makerere, kisha akawa profesa Nairobi. Na Kenya ilipopata uhuru, yeye ndiye aliyeiongoza Tume ya Elimu ya mwaka 1964, iliyoyapanga upya masomo ya watoto wa taifa zima. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na mwalimu wa walimu: mtu mmoja aliyesoma hadi mwisho aliandika shauri lililofika katika kila darasa.

NDEGE ZA MWAKA 1959

Kila mzee anayakumbuka au ameyasikia mambo ya mwaka 1959, wakati Tom Mboya, ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga, alipotafuta nafasi za masomo Marekani. Mwezi wa Septemba mwaka huo ndege ya kwanza iliwachukua wanafunzi 81. Kufikia mwaka 1963 waliokwenda kwa mpango huo walikuwa karibu 800. Michango ya nauli ilifanywa vijijini kwa dansi, chai na minada ya kuku, na watu walitoa kwa furaha.

Mpango ule ulikuwa mkubwa, nao ulitujazia ofisi za Serikali huru. Lakini wengi wao walikwenda kutafuta digrii ya kwanza. Aliyetaka kuendelea zaidi ya hapo alijitafutia mwenyewe.

Tutaje mfano mmoja unaojulikana duniani kote. Barack Obama, mtu wa Alego aliyesoma Maseno, baba wa yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, alikwenda Hawaii mwaka huo huo wa 1959, ingawa si kwa ndege ile, bali kwa msaada wa marafiki. Alimaliza digrii kwa miaka mitatu, akaingia Harvard mwaka 1962 kusomea uchumi. Huko alishinda mitihani, akabakiwa na kuiandika tasnifu yake ya uzamivu. Sababu za yaliyofuata zilikuwa zaidi ya moja, lakini fedha za kuendelea hazikupatikana na ruhusa ya kukaa nchini humo haikuongezwa, naye akarudi nyumbani mwaka 1964 bila uzamivu. Akili haikupungua. Kamba ilikatikia mahali pale pale tulipotaja.

KITI KANDO YA FUNDI

Wengine walivukaje? Tukizichunguza habari zao twaona kwamba karo peke yake haikumvusha mtu. Kila aliyevuka alipata pia kiti kando ya fundi, mahali pa uanagenzi, pamoja na riziki ya kumwezesha kukaa hapo. Mtoto wa mvuvi hafundishwi tanga kwa kupewa fedha akanunue mashua. Huketishwa ndani ya mashua ya mtu ajuaye upepo.

Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, kilichodumu hadi mwaka 1970. Walimu wake wengi walikuwa wageni wenye mikataba. Wakfu wa Rockefeller wa Marekani ulitoa fedha za kuwasomesha wenyeji shahada za juu, na zaidi ya hizo ukalipia nafasi zilizoitwa za Mhadhiri Maalum. Maana yake ni hii: kijana arudipo kutoka masomoni, na kiti cha kudumu bado kimekaliwa na mgeni, asirudishwe mlangoni, apewe nafasi na mshahara, afundishe kando ya mgeni yule, hata kiti kitakapokuwa wazi. Lilikuwa jambo dogo katika hesabu za matajiri, lakini ndilo lililofanya vyuo hivyo viwe vya wenyeji.

Uanagenzi huu haukuwa wa wanaume tu. Wangari Maathai wa Nyeri, aliyekwenda Marekani mwaka 1960 kwa mpango ule wa Mboya, alirudi mwaka 1966 na uzamili wa biolojia. Alipata kazi ya msaidizi wa utafiti katika idara ya anatomia ya wanyama, Nairobi, chini ya profesa mmoja Mjerumani. Kwa kazi hiyo aliishi, akafundisha, akashika hadubini, akapelekwa Ujerumani kuongeza ujuzi, na mwaka 1971 akapata uzamivu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika ya Mashariki na Kati. Tuwafikirie binti zetu tunapoisoma habari hii.

WANAZUONI WALIORUDI KWA WAZEE

Yupo fundi mwingine ambaye vitabu vya ng'ambo havikumtaja, naye ni mzee wa kijijini.

Bethwell Allan Ogot alizaliwa Gem mwaka 1929. Alisoma Ambira na Maseno, kisha Makerere, kisha St Andrews katika nchi ya Scotland. Alipotaka kuandika tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha London, chini ya Profesa Roland Oliver, alichagua historia ya Wajaluo wa kusini. Wakati ule wanazuoni wengi walishikilia kwamba pasipo maandishi hapana historia. Ogot, huku akifundisha Makerere, alichukua daftari akaenda kuketi na wazee wa Nyanza na wa Padhola nchini Uganda, akawauliza juu ya koo, vizazi, safari na vita, akalinganisha neno la huyu na la yule. Tasnifu ilikubaliwa London, na mwaka 1967 kitabu chake kikatoka Nairobi. Baadaye aliongoza idara ya historia huko Nairobi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa kwetu kama William Ochieng' na E. S. Atieno Odhiambo walipata uzamivu Nairobi penyewe, bila kulazimika kuufuata London. Shirika la UNESCO lilipoandika Historia Kuu ya Afrika, Ogot aliiongoza kamati yake ya wanazuoni na kuuhariri mjalada wa tano. Alifariki mwezi wa Januari 2025, akiwa na umri wa miaka 95.

Henry Odera Oruka wa Ugenya naye alifanya vivyo hivyo katika falsafa. Alisoma Uppsala nchini Sweden, kisha Marekani, akarudi Nairobi mwaka 1970. Waliosema kwamba Mwafrika hana falsafa aliwajibu kwa kwenda kuwahoji wazee wenye busara mmoja mmoja, akiyaandika maneno yao kwa majina yao. Mmoja wao alikuwa Paul Mbuya Akoko, na mwingine alikuwa Oruka Rang'inya, baba yake mzazi. Kitabu chake juu ya falsafa ya wenye hekima kilitoka mwaka 1990, nacho husomwa katika vyuo vya nchi nyingi.

Wazee wetu, angalieni jambo hili. Watu hawa wawili hawakupata uanazuoni wao kwa karo tu. Waliupata kwa sababu mzee fulani alikubali kuketi kutwa nzima akijibu maswali ya kijana mwenye daftari. Ninyi mlikuwa maktaba yao.

MBITA

Sasa twafika kwenye mfano ulio karibu nasi zaidi. Thomas Odhiambo alizaliwa Mombasa mwaka 1931, akasoma Maseno na Makerere, kisha Cambridge, alikopata uzamivu wa elimu ya wadudu mwaka 1965. Aliporudi kufundisha Nairobi aliona kwamba Afrika itaendelea kuwatuma vijana wake ng'ambo, na wengi hawatarudi, maadamu hapana mahali pa nyumbani penye mabwana wa elimu na vyombo vya kazi. Mwaka 1967 aliyaandika mawazo hayo katika jarida la Science la Marekani, na mwaka 1970 kituo cha kimataifa cha elimu ya wadudu, ICIPE, kikaanzishwa Nairobi. Hapo mwanzo wanazuoni mashuhuri wa ng'ambo walikuja kwa vipindi kuongoza utafiti, na vijana wenye uzamivu mpya walifanya kazi chini yao mwaka mzima.

Kituo hicho kilijenga tawi Mbita, ukingoni mwa ziwa, kikitazamana na Rusinga ng'ambo ya mkondo mwembamba wa maji. Mahali hapo leo paitwa kwa jina la Thomas Odhiambo. Mwaka 1983 ICIPE na vyuo vikuu vya Afrika walianzisha mpango wa pamoja wa kuwafundisha wanazuoni wa wadudu, uitwao ARPPIS. Utaratibu wake ni rahisi kueleza. Kijana huandikishwa uzamivu katika chuo kikuu cha Afrika, lakini utafiti wake huufanya ICIPE. Huwa na walezi wawili, mmoja wa chuo na mmoja wa kituo. Hulipiwa masomo na posho ya kuishi, na shirika la Kijerumani la DAAD ni miongoni mwa waliotoa fedha. Pamoja na mpango huo upo mwingine, wa mafunzo ya utafiti wa tasnifu, kwa wale wa uzamili au uzamivu ambao wamepata fedha mahali pengine lakini hawana maabara wala mlezi. Hivyo mmoja hupewa ufadhili, na mwingine hupewa kiti kando ya fundi.

Je, faida yake ni nini kwa mkulima? Katika miaka ya 1990 watafiti wa Mbita, pamoja na wa Rothamsted nchini Uingereza, walishughulikia maadui wawili wa mahindi yetu: viwavi watoboao mashina, na gugu lile tuliitalo kayongo. Waligundua kwamba mmea wa desmodiumu ukipandwa kati ya mistari huwafukuza nondo wa viwavi kwa harufu yake, na mizizi yake huizuia kayongo. Nayo majani ya nepia yakizunguka shamba huwavuta nondo hao nje. Kisha desmodiumu na nepia hulishwa ng'ombe. Maelfu ya wakulima wa ukanda huu wameyapokea maarifa hayo, na katika mashamba hayo vijana wengi wa shahada za juu wamejifunza kazi yao.

HALI YA SIKU HIZI

Vyuo sasa viko mlangoni petu. Kule Maseno, ambako Willis alianzisha shule yake, kilifunguliwa chuo kishiriki mwanzoni mwa miaka ya 1990, kikawa Chuo Kikuu kamili mwaka 2001. Bondo ilipata Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia chenye jina la Jaramogi Oginga Odinga, kilichotawazwa mwaka 2013. Nacho kilichaguliwa kuwa na kituo cha ubora cha elimu ya wadudu wa kuliwa na wa kulisha mifugo, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ambacho kimesomesha watu wa uzamili na uzamivu. Watoto wetu waliokua wakiokota kumbikumbi wamepata uzamivu kwa kumbikumbi. Kisumu napo pana watafiti wa malaria huko Kisian, na watafiti wa samaki.

Lakini mlango umekuwa mwembamba pia. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa kanuni ambazo kwa kawaida humtaka mhadhiri awe na uzamivu. Chini ya cheo hicho zipo nafasi za uanagenzi, za wanaofundisha huku wakisoma, nazo hazitoshi. Ipo mikopo ya Bodi ya mwaka 1995, na ruzuku za Mfuko wa Taifa wa Utafiti uliowekwa na sheria ya mwaka 2013. Waombaji ni wengi kuliko fungu. Wenye uzamili hufundisha saa chache hapa na saa chache pale, na tasnifu hulala sandukuni.

SHAURI LA KAMATI

Chama chetu hakina mali ya Rockefeller. Hakiwezi kumlipia mtu uzamivu mzima, wala Kamati haiombi hivyo. Historia tuliyoieleza yaonyesha kwamba pengo mara nyingi ni dogo, nalo huangusha mtu mkubwa. Kwa hiyo Kamati yaleta mbele ya Mkutano Mkuu mashauri manne.

Kwanza, sehemu ndogo ya fedha za elimu itengwe kwa ajili ya wanaosomea ualimu wa Chuo Kikuu, bila kupunguza karo ya watoto wa sekondari walio mayatima.

Pili, mwombaji alete barua mbili: moja ya chuo kilichomkubali, na nyingine ya mlezi au kituo kitakachomketisha kando ya fundi. Asiye na barua ya pili asaidiwe kwanza kuitafuta, kwa kuwa karo bila mlezi imewapoteza wengi.

Tatu, msaada uwe wa mambo ambayo wafadhili wakubwa huyasahau: nauli ya kwenda vijijini kufanya utafiti, gharama za kupiga chapa na kujalidi tasnifu, na chakula cha miezi ile ambayo posho imekwisha na kazi haijaisha. Binti na mvulana wahesabiwe sawasawa.

Nne, kila atakayesaidiwa asimame mbele ya Mkutano Mkuu kila mwaka, aeleze kwa lugha ambayo kila mzee ataielewa ni jambo gani analolitafuta na amefika wapi. Na wazee nao wawapokee wanafunzi wa utafiti majumbani mwao, kama walivyompokea Ogot na Oruka.

Hilo ndilo jibu letu kwa mzee wetu aliyeuliza. Masomo ya kijana huyu yana mwisho, na mwisho wake ni siku atakapoketi yeye kitini, na mtoto wa mwanachama mwingine aketi kando yake. Tukimwacha katikati, yote tuliyotoa tangu darasa la kwanza yamekwenda majini. Haba na haba hujaza kibaba. Nasi twaomba haba moja tu, iliyobaki.

Kwa heshima na unyenyekevu, Kamati ya Elimu yaliweka jambo hili mikononi mwenu.